Mama wa Kona na Gari Lililovuta Pumzi

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Shule niliiacha darasa la nne. Nimebeba matenga ya nyanya kichwani kutoka mabondeni kwetu Vuga, nimekuwa utingo, nimelala juu ya kabichi mvua ikininyeshea, nimetapeliwa na wenye tai na nimetapeliwa na wenye kanzu. Leo nina ghala Lushoto, nina magari, nina nyumba ya bati jekundu ambayo ukiwa ng'ambo ya bonde unaiona hata kama hutaki. Vyote kwa mikono hii. Kwa hiyo ninapokueleza habari za huyu mama, usidhani anayeandika ni mtu wa kushtuka shtuka.

Tulimwita Mama wa Kona. Jina lake sikuwahi kuuliza, na sikuwahi kumsikia dereva mwenzangu akilitaja. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya kona moja mbaya ya barabara ya kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, pale ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni hewa tupu. Anayepanda hamwoni anayeshuka mpaka wawe wametazamana meno. Uani kwake palisimama nguzo, na kwenye nguzo ilining'inia rimu kuukuu ya lori kwa mnyororo. Dereva ukikaribia kona unapiga honi ndefu. Yeye anatega sikio pande zote mbili. Akiigonga rimu mara moja, pita. Akiigonga mfululizo, simama hapo hapo, kuna mwenzako.

Hakuna ofisi iliyomweka pale. Hakulipwa. Tulimwachia vitu tu, kila mtu kwa moyo wake: sabuni, dagaa, sukari, mafuta ya taa. Nilipoanza utingo nilimkuta anagonga, na hata madereva walionifundisha kazi walisema walimkuta anagonga.

Macho yake yalikuwa na ukungu kuliko mlima wenyewe. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio! Magari yote ya njia ile aliyajua, na kila moja alilipa jina kwa mlio wake. Kulikuwa na Kikohozi, basi dogo la asubuhi. Kulikuwa na Mzee wa Miluzi, lori la mbao. Gari langu la kwanza, pikapu ya mkono wa tatu niliyoinunua baada ya kuuza hata kitanda, aliliita Mwenye Pumu. Watu walicheka soko zima. Mimi nilicheka pia, maana ilikuwa kweli: lile gari likifika kona ya tatu lilikuwa linahema kama mbuzi aliyefukuzwa.

Alikuwa mkali. Dereva aliyemtukana, hata kwa utani, alinyimwa rimu. Atapiga honi mpaka betri iishe, mama amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. "Si una macho makubwa?" anamwambia. "Yatumie." Inabidi dereva amtume utingo akimbie mbele akachungulie, na jioni arudi na sabuni kuomba radhi. Wakati huohuo, huyo huyo mama aliwahi kushinda kwenye mvua siku nzima, amejifunika gunia la mbolea, anagonga, kwa sababu jiwe limeporomoka na magari yanapishana kwa zamu. Nilipompelekea chai ya chupa alinifokea kwamba haina tangawizi.

Na pamoja na kuyajua magari yote, hakuwahi kupanda hata moja. Soni alikwenda kwa miguu, kikapu kichwani. Nilimsimamishia mara nyingi.

"Panda mama, nikupeleke."

"Nipande kitu kinachopiga kelele hivyo? Miguu yangu haina honi na inafika."

Habari za mumewe nilizipata kwa wengine. Alikuwa dereva wa lori la mbao, akashuka siku moja na mzigo kwenda Tanga, asirudi. Wapo wanaosema lori lilitumbukia gengeni kwenye ukungu na mvua ikafukia kila kitu. Wapo wanaosema yuko Tanga mpaka leo, ana mke mwingine na duka la mkaa. Mama mwenyewe hakusema hili wala lile. Ukimuuliza anakuuliza bei ya karoti.

Mara moja tu alinigusia. Tulikuwa tumekaa uani kwake, barabara imetulia, ninasubiri injini ipoe. Akasema bila kuulizwa, "Gari lake lilikuwa na kitu kimoja. Likikaribia kona hii, kabla hajabadilisha gia, lilivuta pumzi. Hivi." Akavuta hewa mdomoni, ndefu, halafu akaikata. "Kama mtu anayetaka kusema neno, akaacha. Tangu siku hizo sijasikia lingine."

Nikajibu magari ya zamani yalikuwa na mambo mengi. Lakini pumzi ile aliyoivuta nilishuka nayo mpaka Mombo.

Sasa nije kwenye pikapu ya turbo, kwa sababu huwezi kumweleza mama bila hiyo.

Niliponunua ile pikapu mpya, dizeli, turbo, viti vya ngozi, nilipandisha kwa madaha siku ya kwanza ili mama anipe jina. Nilitegemea Simba, au Radi, au kitu cha namna hiyo. Nikapiga honi. Rimu ikalia mara moja. Nikasimama, nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, hili unaliitaje?"

Akafikiri. "Mkimya."

"Mkimya?"

"Halisemi kitu. Linapita kama mtu anayedaiwa."

Ndugu yangu, mimi si mtu wa kuitwa Mkimya. Mtu niliyeanza na tenga moja! Na jina likashika. Wachuuzi wa Lushoto wakaanza, "Mkimya kaja, Mkimya kaondoka." Nikavumilia wiki, nikavumilia mwezi, nikaenda kwa fundi wangu. Nikamwambia nataka gari lisikike.

Fundi wangu ni mtu wa maneno mengi, anatafuna mawazo kama mirungi, lakini kazi anaijua. Akafungua boneti, akanionyesha boksi jeusi la plastiki linaloshika kichujio cha hewa. "Hii ndiyo pua ya gari lako," akasema. "Injini ya turbo inakula hewa kama askari aliyetoka kambini. Unaweza kuibadilisha pua. Lakini chagua kwa akili, bosi."

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni lile bomba linalopanda ubavuni mwa gari mpaka usawa wa paa, kama magari ya watalii. Hewa ya juu haina vumbi, na sisi tunaoingia njia za mashambani vumbi tunalijua. Ya pili ni boksi lingine lililofungwa, kubwa kuliko la kwanza, na bomba pana: hewa nyingi, baridi, kelele kidogo tu. Ya tatu ni kichujio cha mdomo wazi. Hakina boksi kabisa. Ni koni la pamba lililopakwa mafuta, limekaa uchi pale kwenye injini, na ukikanyaga mafuta unasikia gari zima likivuta.

"Hiyo ya tatu," nikasema.

"Hiyo ya tatu ni ya kijana wa mjini. Itavuta hewa ya moto ya injini. Turbo inataka baridi, bosi. Lushoto baridi tumepewa bure, wewe unaifungia nje?"

"Inasikika?"

"Inasikika mpaka Bumbuli. Ila mafuta ya ile pamba yatachafua sensa, kile kidude kinachopima hewa, na vumbi jembamba litapita. Kwenye kilima utaona nguvu zinapungua, si kuongezeka."

"Fundi, mimi nimeuliza inasikika au haisikiki?"

Akachukua spana. Mteja ni mimi, hela ni yangu. Akafunga. Lile boksi la zamani nikamuuzia muuza spea wa Mombo siku hiyohiyo, nisije nikabadilisha mawazo. Ndivyo nilivyo. Nikishaamua, nachoma daraja.

Na kusikika, lilisikika. Kanyaga: linanguruma. Achia mguu kabla ya kona: linavuta pumzi ndefu, fyuuu, halafu turbo inaikata, tsk. Nilipoachia mguu kwenye majaribio pale Lushoto, wachuuzi waligeuka wote. Nilifurahi kama mtoto. Sikukumbuka chochote.

Asubuhi ya kwanza kupandisha nalo nilikuwa nimebeba mbolea kutoka Mombo. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, ule wa kuwasha taa na usione tofauti. Nikakaribia kona, nikaachia mguu, gari likavuta pumzi. Nikapiga honi, nikasubiri rimu.

Kimya.

Nikapiga tena. Kimya. Nikasogea polepole, dirisha wazi, na pale pale katikati ya kona, kwenye lami, nikamwona amesimama. Alikuwa amevaa khanga ambazo sijawahi kumwona nazo, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Kichwani amejifunga vizuri. Mkononi ana kifurushi cha majani ya mgomba kinachofuka moshi. Nilikanyaga breki, gari likasimama hatua mbili kutoka kwake, yeye hata hakurudi nyuma.

Akaja dirishani. Akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo si ile ya kufokea madereva, sauti ya chini ya mtu aliye ndani ya nyumba yake, "Umechelewa."

Nilishtuka. Mimi!

"Maji yako motoni," akasema. "Kateremshe mzigo kwanza, halafu uje uoge. Hivi kula njiani." Akapitisha kile kifurushi dirishani, akakiweka mapajani mwangu. Vilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto. Mkono wake ukagusa mlango wa gari, ukaupapasa kidogo kama mtu anavyopapasa shingo ya ng'ombe, akageuka akapanda kwake.

Ningesema nini? Shikamoo mama, ni mimi, Mkimya? Niliondoa gari. Huko mbele nikasimama, nikala vile viazi vyote, sijui kwa nini. Nadhani kuvitupa kulinishinda, na kufika navyo nyumbani kulinishinda zaidi.

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Nikipandisha asubuhi, gari likivuta pumzi, mama anaiacha rimu anashuka barabarani na viazi vyake. Hasemi mengi. "Maji yapo." Au, "Jana hukuja kuoga." Anasubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu. Mimi nakaa kimya, mkono kwenye usukani. Nilijaribu kupita bila kuachia mguu. Gari la mzigo kwenye kona ile huwezi, utaenda kuzimu. Nikajaribu kupandisha mchana. Akashuka mchana. Usiku nilikuwa nikiota naoga maji ambayo hayaishi ndooni.

Kisha dereva wa Kikohozi akanifuata Mombo, nikinywa chai. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, hana utani wa kipuuzi.

"Bosi, hilo gari lako limemfanya nini yule mama?"

"Limfanye nini?"

"Likinguruma kule chini anaacha rimu anashuka kwenye lami. Jana mimi nashuka na abiria, yeye yuko barabarani anakungoja wewe. Nimemkwepa nikakwaruza mwamba. Siku moja utamgonga, au nitamgonga mimi, na mimi sitaki kuzika mtu huyu."

Sikulala. Ungefanyaje wewe? Nikilivua lile koni, namfukuza mumewe mara ya pili, na safari hii namfukuza mimi. Nikiliacha, tutamwokota kwenye lami. Nilimwambia mke wangu, akasema, "Nenda kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wewe."

"Wewe hujausikia ule mkono ukipapasa mlango."

Asubuhi nilikuwa kwa fundi. Alicheka kwanza. "Nguvu zimepungua kilimani, eh? Nilikwambia." Kweli zilikuwa zimepungua, sensa imechafuka kama alivyotabiri, lakini nilimwambia afungue tu, asiongee. Aliniangalia usoni, akafungua bila kuongea, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Boksi la zamani nililikuta bado liko kwa muuza spea wa Mombo. Naye alinisoma usoni, akapanga bei kwa kunisoma. Nikalipa.

Siku gari lilipokuwa tayari, nilipandisha mchana, jua limetoka, bonde lote liko wazi mpaka chini. Nikapiga honi. Nikasubiri. Rimu ikalia, mara moja, safi.

Nilisimama, nikachukua sukari kilo mbili niliyokuwa nimemnunulia, nikapanda kwake. Alikuwa kwenye kigoda, amevaa khanga zake za siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkimya! Ulikuwa wapi? Nilidhani umefilisika."

"Mimi? Sifilisiki mimi."

"Kila mtu anafilisika, anachelewa tu." Akanionyesha jiwe la kukalia. Nikakaa. Chini barabarani Mzee wa Miluzi lilikuwa linapanda, akainuka, akaligongea, akarudi kukaa.

"Kuna gari lilikuwa linapandisha hapa," akasema. "Siku mbili hizi silisikii."

"Nafikiri limehama njia, mama."

"Enhe." Akachukua ungo wa maharage, akaanza kuchambua kwa vidole. "Dereva wake nilikuwa nampa viazi. Sijui kama alikula."

"Alikula."

"Alikula?"

"Alikula vyote, mama. Hakuacha hata ganda."

Vidole vikasimama kwenye ungo. Akageuza yale macho yake ya ukungu, si kwangu, barabarani.

"Mume wangu alikuwa hali viazi vitamu," akasema. "Hata akifa njaa. Ningempa, angenirudishia na matusi juu. Huyu wa gari kila siku nilikuwa nampa, nangoja anitukane."

Nikasema, "Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nimejua sasa hivi." Akaendelea kuchambua. Punje nzima kulia, mbovu kushoto. Akauliza, "Vilikuwa na chumvi?"

"Vilikuwa na chumvi."

"Siku moja nilisahau chumvi."

"Sikuona tofauti."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayemalizia hesabu ndefu. Nilipomwekea sukari mapajani, aliipapasa, akainyanyua, akanirudishia. Hakuirudisha kwa hasira. Heri angekasirika, hasira zake nilizizoea.

"Peleka kwako wanywe watoto. Mimi leo sina wa kumchemshia."

Nilishuka. Nilikuwa nimeshawasha gari niliposikia sauti yake juu, ile ya kufokea madereva, "Pita, Mkimya! Njia nyeupe!" Na rimu ikalia mara moja.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyoongea naye. Mvua za masika zilipoanza, ndugu zake walimshusha kwa machela mpaka barabarani, wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali Bumbuli. Gari hilo halikuwa langu. Ndiyo mara ya kwanza kupanda gari maishani mwake, na hakurudi nalo. Nyumba imefungwa. Rimu bado inaning'inia. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuishusha, hata wanunuzi wa vyuma chakavu.

Siku hizi tukifika pale tunapiga honi, tunamtuma utingo akimbie mbele akachungulie. Lakini ukungu ukiwa mzito, mimi huzima injini kabisa na kusikiliza. Na zipo asubuhi rimu hulia. Mara moja. Fundi wangu anasema ni upepo. Sawa, labda ni upepo. Lakini upepo nimeishi nao milimani miaka yote hii, na sijauona upepo unaogonga mara moja tu kisha ukaacha. Nikiisikia, napita, na sijawahi kukutana na gari.

Lile koni la pamba liko ghalani kwangu, limening'inia msumarini, mdomo wazi. Vijana wawili wamekuja kulitaka, nimewaambia haliuzwi. Na ile sukari iko nyuma ya kiti cha pikapu mpaka leo, imeganda kama jiwe, mke wangu kaniambia niitupe, sijaitupa. Ukijumlisha kila kitu, koni lenyewe na bomba lake, fundi kufunga, fundi kufungua na kusafisha sensa, boksi langu mwenyewe kulinunua kwa bei zaidi ya ile niliyoliuzia, haifiki milioni. Lakini mimi huongeza na ile sukari kilo mbili, na ukiiongeza inakuja shilingi milioni moja, elfu moja na mia nne.